Kokoto za Mapacha

Mapacha wa binti yangu Joanita walikuwa wametimiza miezi minne, na mimi, nyanya yao mzaa mama, nilikuwa sijawashika hata kidole. Nilikuwa nawaona kwenye simu. Unamwona mtoto anapiga miayo, unataka kumgusa shavu, unagusa kioo, picha inaruka na kukuletea tangazo la magodoro. Nilikuwa nimechoka kuwa nyanya wa kioo.

Si kwamba walikuwa mbali. Joanita ameolewa Busia, upande wa Kenya, na nyumba yangu iko nje kidogo ya mji wa Tororo. Siku za soko huwa napeleka wimbi Busia, navuka mpaka, nauza, na kutoka pale ninapotandika magunia yangu hadi kwa Joanita ni safari fupi ya bodaboda. Nilikuwa nasimama pale baada ya kuuza, naangalia upande ule, kisha napanda gari kurudi kwangu nikiwa nimenuna. Wenzangu sokoni wakawa wananiita Mama Uso wa Mvua.

Kilichonizuia ni mila, na mimi mila naiheshimu hata inaponiuma. Kwetu Wapadhola, na kwao Wasamia alikoolewa Joanita vilevile, mapacha hawaingii nyumba ya ndugu hivihivi. Kwanza wapigiwe ngoma. Watu wa baba na watu wa mama wakutane kwenye uwanja wa nyumbani alikozaliwa mama yao, wacheze, watukanane kwa nyimbo mpaka wacheke. Kabla ya siku hiyo watoto hawavuki kizingiti changu, na baba na mama yao pia hawavuki. Nami siwezi kwenda kujipitishapitisha nyumbani kwa mkwe wangu. Mama mkwe hana kazi huko.

Sasa, ngoma inachezwa uwanjani, na uwanja wangu ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha unashika kiatu na haurudishi. Mara mbili tulipanga siku, mara mbili mvua ikatutangulia, na wazee wakasema tungoje, maana huwezi kualika watu kutoka nchi nyingine waje kuzama kwako.

Ndipo Osborn, mume wa Joanita, alipojitokeza. Kazi yake ni kupamba viwanja. Hupanda nyasi, hupanga mawe, hutengeneza vijia kwenye mahoteli na nyumba za wenye nafasi kule Busia. Akasema atamwaga kokoto uwanja wangu mzima, maji yapite chini, watu wacheze juu. Siku ikapangwa mara ya tatu, Jumamosi.

Alisema hayo kupitia kwa Joanita. Mimi na Osborn tulikuwa hatujawahi kuongea. Hatukuwa na ugomvi, ni heshima tu ya ukwe. Hatupeani mikono, hatuli mbele ya macho ya mwenzetu, na tukikutana njiani mmoja anaingia majanini. Vijana wanadai simu haihesabiki, kwamba simu haina uso. Mimi nasema sauti ya mtu nayo ni mtu. Kwa hiyo Joanita alikaa na simu katikati, mumewe kando yake akisema, “Mwambie mama,” na Joanita akinirudishia kila neno ingawa nilikuwa nimelisikia lote. Nilimngoja arudie, kisha nikajibu. Adabu haina njia ya mkato.

Osborn alitaka vipimo. Kokoto, alieleza, hazinunuliwi kwa kubahatisha. Unachukua urefu wa uwanja, unazidisha kwa upana, unazidisha kwa unene unaoutaka, na unene mzuri wa kutembelea ni vidole vitatu. Ukipata jibu ndipo unajua ni lori ngapi. Yeye mwenyewe hakuweza kuja kupima, kwa ajili ya mwiko wa mapacha. Uwanja wangu alikuwa ameuona siku moja tu, siku ya kuleta mahari, na siku hiyo macho ya mkwe huwa kwenye vidole vyake vya miguu. Basi akaomba mama ahesabu hatua, urefu na upana. Nilisikia kabisa kwamba kuna neno jingine limemkaa kooni, lakini halikutoka, na kumchokonoa mkwe atoe neno si kazi yangu.

Nilivaa gomesi yangu ya kanisani, ile ya zambarau, maana huwezi kumpimia mkwe ukiwa na leso ya jikoni. Nikafunga mshipi wake mkubwa, nikaanzia mlangoni, nikaenda mpaka kwenye ua wa michongoma. Nilikwenda hatua za mwanamke mwenye nyumba yake, kisigino hakiachani sana na kidole. Majirani walinichungulia wakidhani naenda kupokea komunyo. Nikapata arobaini kwa urefu na thelathini kwa upana, nikazituma, na Joanita akaniambia mumewe ameshangaa kidogo, hakujua kwamba uwanja wetu ni mkubwa namna hiyo. Nilifurahi. Nani hapendi kusikia kwamba ana uwanja mkubwa?

Jumatatu asubuhi lori la kwanza lilifika kutoka machimbo ya Tororo. Dereva alikuwa Mteso mmoja mpole aitwaye Engole. Aliinua tumbo la lori, kokoto zikashuka kwa kishindo, vumbi likapanda, na mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Niliona kabisa miguu ya watu ikicheza pale. La pili lilipokuja nikapiga tena. Mimi ni mwanamke wa kupima wimbi kwa jicho, na jicho langu likaniambia kwamba sasa zimetosha, na za kubaki zipo.

Lori la tatu likaingia. Nikamuuliza Engole kama hajapotea. Akatoa kichwa dirishani.

“Hapana, Mama. Mkwe yako nalipa gari sita.”

Hapa watu wengi wananiuliza kwa nini sikumzuia. Wanaouliza hivyo hawana wakwe. Mkwe amekuletea kitu kwa mkono wake, mbele ya majirani wote, halafu wewe unasimama katikati ya njia na kurudisha lori? Ni sawa na kumtangazia kijiji kizima kwamba mume wa binti yako hajui hesabu. Na yeye naye, kama nilivyokuja kujua, aliona arobaini kwa thelathini ni nyingi, lakini angemwambiaje mama mkwe kwamba amehesabu vibaya? Kwa hiyo kila mmoja alimheshimu mwenzake, na lori zikaendelea kuja.

Kufika jioni sikuwa na uwanja. Nilikuwa na kilima. Mlango wa jiko ulikuwa umezibwa nusu, kuku walikuwa wamepanda juu kutafuta mahali pa kulala, na mbuzi wa jirani alisimama kileleni akiangalia nyumba za watu ndani. Ofwono, ndugu wa marehemu mume wangu na mkubwa wa boma letu, alikuja akazunguka kilima kile polepole na mikono nyuma.

“Mwamba ya Tororo imezaa,” akasema. “Sasa watu nacheza wapi?”

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Sikulia kwa ajili ya kokoto. Akilini nilikuwa nimeshawaona wale watoto wawili mlangoni kwangu, karibu kabisa, na sasa mlima umekaa katikati yetu.

Kesho yake asubuhi Osborn akaja kwa bodaboda baada ya Ofwono kumpigia. Alisimama barabarani, nje ya ua, kwa kuwa mwiko ulimkataza kuingia. Mimi nilisimama nyuma ya jiko, ukuta ukiwa katikati yetu. Ofwono akasimama katikati. Kutoka kwangu hadi kwa Osborn hapakuwa mbali, ningeweza kumrushia ndizi akaidaka. Lakini kila neno lilipita kwa Ofwono.

“Baba, tafadhali muulize mama kama alihesabu zile hatua vile nilisema,” Osborn akasema, kwa sauti ya kijana anayekanyaga mayai.

“Mkwe nauliza kama wewe nahesabu vizuri,” Ofwono akaniambia.

“Mwambie nilianza kuhesabu kabla mama yake hajamwota.”

Ofwono akageuka. “Mama nasema yeye nahesabu siku mingi.”

Ofwono ni mtu wa amani. Osborn akaomba, kama haitakuwa vibaya, aonyeshwe namna hatua zilivyohesabiwa. Nikatoka nyuma ya jiko, nikampa ubavu nisimtazame, nikatembea kuelekea ua kama nilivyotembea siku ile. Nilipofika mwisho nikasimama. Nikaiba jicho. Osborn alikuwa ametupa mgongo, ameshika nguzo ya ua, na mabega yanamtetemeka.

“Mkwe nalia?” Ofwono akauliza.

Hakuwa analia. Alikuwa anakufa kwa kicheko na hathubutu kukitoa. Alipopata pumzi akasema bila kugeuka, “Baba, hatua ya kupimia ni ile ndefu. Moja inaenda mita nzima. Hizo za mama, mbili ndio zinafanya mita. Nilijua nafaa kumwambia apanue miguu. Lakini nitaambiaje mama wa wenyewe apanue miguu? Mimi ni nani?”

Ofwono alifungua mdomo ili anipelekee ujumbe ule, akaufunga. Akanitazama mimi shemeji yake, akatazama mbingu.

“Hiyo mimi sisemi,” akatangaza, akavaa kofia yake.

Mimi ndiye niliyeanza kucheka kwa sauti. Sikuweza kujizuia. Nilicheka nikajishikiza kwenye ukuta wa jiko, na Osborn aliposikia nimecheka naye akajiachia kule barabarani, na Ofwono katikati yetu akicheka kwa pande zote mbili. Hata hivyo mpaka leo nasema kwamba sikukosea. Niliambiwa nihesabu hatua, na nilihesabu hatua. Za kwangu ndizo nilizonazo. Nusu ya urefu na nusu ya upana, ukizidisha ni robo, na kweli robo ya kokoto zile zingetosha. Lakini hilo ni la mwenye kutoa maagizo.

Kicheko kilipoisha, Osborn akaleta ushauri wake. Kilima hiki, kwa watu wachache na koleo, hakiwezi kuondoka kabla ya Jumamosi. Afadhali wazee wa pande zote mbili waahirishe, wangoje mvua ziishe na watu wavune, ndipo aje na mashine. Ofwono akanigeuzia maneno hayo, naye alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

Mimi nikahesabu, safari hii bila gomesi. Mvua ziishe, watu wavune, mapacha watakuwa wanatambaa. Mtoto wa miezi minne ukimweka kifuani anakaa hapo na kukuzoea. Mtoto wa miezi tisa anakutazama, anamtazama mama yake, analia kwamba amepewa mgeni. Sikutaka kuwa mgeni kwa watoto wa Joanita. Nilisema hivyo hivyo, kwa nguvu, ili asikie hata asiyeruhusiwa kusikia.

“Mwambie Jumamosi. Kama ni kuchezea juu ya mlima, tutapanda.”

Mchana huo nikapita nyumba kwa nyumba. Wakati wa mvua kila mtu hapa kwetu ana matope yake, na hakuna aliyekuwa na kokoto isipokuwa mimi. Nikawaambia waje wachukue bure, kila mtu na chombo chake, kwa sharti moja: unajaza karai moja unaitandaza uwanjani kwangu, ya pili ndiyo unapeleka kwako. Sokoni ndivyo tunavyofanya mzigo ukizidi, unamfanya mteja awe mchukuzi.

Walikuja na karai, na toroli, na magunia, na beseni za kuogea. Mmoja alikuja na kigari cha kusukumia mitungi ya maji. Watu wa kanisani wakachukua za kutandaza mbele ya kanisa, vijana wa bodaboda wakachukua za kituoni kwao. Nangila, jirani yangu wa karibu, alichukua kwa pupa mpaka mlango wake ukagoma kufunguka, ikabidi wajukuu wamtolee njia kwa majembe. Tulimcheka mpaka akatoka akacheka nasi. Siku zile Osborn alikuwa anakuja kila asubuhi na kusimama kule barabarani, akielekeza kwa fimbo: hapa pandisheni, pale chimbeni mfereji, hapo mmezidisha, miguu itazama. Alikuwa amekata kijiti chenye alama ya vidole vitatu, akampa Ofwono, na Ofwono akawa anazunguka nacho akichomeka kila mahali kama daktari wa mifugo. Niliona kijana yule anavyopenda kazi yake, na moyo wangu ukampenda, ingawa kwa adabu nilikuwa namwona kwa pembe ya jicho tu.

Ijumaa jioni kilima kilikuwa kimeisha. Palikuwa na uwanja wa kijivu, umelala sawasawa kutoka mlangoni hadi kwenye michongoma, na kutoka hapo mistari ya kijivu imeenda kwenye kila nyumba ya jirani.

Jumamosi alfajiri mvua ikanyesha. Nilikaa kitandani nikiisikiliza inavyopiga mabati, nikamwomba Mungu na nikamlaumu kidogo. Ilipotulia nikatoka, nikashusha mguu juu ya kokoto, nikauinua. Kiatu kilikuwa safi. Maji yalikuwa yamepita chini kama Osborn alivyosema, na mawe yalikuwa yanang'aa tu. Nilizunguka uwanja mzima nikiinua mguu na kuutazama, mpaka Ofwono akauliza kama nimekanyaga kitu.

Wasamia walifika jua likiwa limepanda, wakiimba tangu barabara kuu. Mbele yao alikuwa Anjeline, mama yake Osborn, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha polisi wa mipaka yote miwili. Kwenye ngoma ya mapacha hakuna kuombana samahani. Lile linalofichwa mwaka mzima ndilo linaloimbwa, na mwenye kununa siku hiyo anawatakia watoto mabaya. Anjeline alikuwa amehadithiwa kila kitu. Akaingia uwanjani akitembea vihatua vidogovidogo, magoti yamebanana, kama amefungwa kamba, na watu wake nyuma wakimwiga.

“Mama wa Tororo, hatua za kuku,
kapima kiwanja, kaita mlima!”

Watu walicheka wakashikana. Nikawangoja wanyamaze. Nikapandisha gomesi kidogo, nikapanua miguu mbele ya wakwe, nikamjibu:

“Kijana wa Samia aogopa miguu,
mapacha hawa kawapata wapi?”

Anjeline alikaa chini kwa kicheko. Osborn, aliyekuwa bado amesimama nje ya ua na Joanita, alifunika uso kwa mikono yote miwili. Tukacheza mimi na Anjeline uso kwa uso, kiuno kwa kiuno, na kokoto zikalia chini yetu kuliko ngoma. Majina hatukugombea, kwa kuwa pande zote mbili wa kwanza ni Opio au Apio na wa pili ni Odongo au Adongo. Wetu ni Apio, msichana, na Odongo, mvulana. Wazee wakanyunyiza walichonyunyiza, wakasema walichosema, na Ofwono akainua mkono kwamba sasa waingie.

Joanita alikuja na Apio, Osborn akaja na Odongo. Walivuka uwanja polepole, na watu wakawapisha. Joanita alinipa Apio. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na shingo yake ilinukia maziwa na mafuta ya nazi. Nilimweka kwenye mkono wa kushoto nikageuka kumpokea wa pili, na Osborn alikuwa amesimama mbali kidogo, kichwa chini, akimtafuta mtu wa kumpa mtoto ili mtu huyo anipe mimi. Ofwono akapiga hatua mbele.

Hapo sikuvumilia. Nilikuwa nimepelekewa maneno, nimepelekewa kokoto, nimepelekewa picha. Mtoto sikutaka kupelekewa. Mila yenyewe inasema siku ya mapacha aibu imelala, na kama haisemi hivyo mtanisamehe.

“Osborn,” nikamwambia, na lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu amuoe binti yangu. “Nipe mwenyewe.”

Akainua macho. Nilikuwa sijui kwamba ana macho mazuri hivyo. Akaja, akaniwekea Odongo mkononi, na mikono yake ikagusa yangu chini ya mtoto, migumu kwa kazi.

“Mshike kichwa, Mama,” akasema.

Machozi yalinitoka mbele ya nchi mbili na sikuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Nikakaa chini palepale juu ya kokoto, mmoja huku na mmoja huku. Ngoma zikaanza tena. Baadaye chakula kikaiva, wageni wakaitwa kula, Joanita akaja kuniomba watoto ili nami niende kunawa. Nikamwambia mimi nimeshiba, wao waendelee.